Uliza Mwalimu: Mpolandi Hapewi Pole

Nilistaafu ualimu nikidhani nimeachana na kusahihisha. Kumbe nimehama tu, kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye meseji. Jioni nafundisha Kiingereza katika chumba kimoja hapa Pasua, Moshi. Wanafunzi wangu ni wagumu wa mlima, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wahudumu wa hoteli, madereva wanaosubiri msimu wa wageni, na mama mmoja muuza ndizi wa Mbuyuni ambaye anawashinda wote. Barua za mwezi huu karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja: vijineno vya Kiingereza vifupi, vya pigo moja la ulimi, vinavyofanana sikioni kama mapacha, halafu kila kimoja kina maana ya kwenye kamusi na maana ya kijiweni. Nimechagua barua sita. Walioniuliza habari za sarufi wavumilie, zamu yao mwezi ujao.

*

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Tengeru sokoni. Juzi nilimbeba mzee wa Kizungu, nikamuuliza katokea wapi. Akasema, ‘I am a Pole.’ Nikamwambia pole sana, mzee. Akacheka, akarudia, ‘Pole, Pole.’ Nikampa pole ya pili, ya safari. Mbele kidogo akasema anataka kuona makaburi ya ‘Poles’. Hapo nikasimamisha pikipiki. Nguzo nazo huzikwa?”
Bodaboda, Tengeru

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako darasani, na darasa halikuendelea tena siku hiyo.

Pole yetu ina silabi mbili, po-le. Yao ni mkupuo mmoja: mdomo unaanza na o, unamalizia kama unaotaka kusema u, kisha ulimi unagusa l na kunyamaza. Ndani ya mkupuo huo wamebanana watu watatu. Wa kwanza ni “pole” ya mti mrefu: nguzo ya hema, mlingoti wa bendera, zile fimbo mbili anazotembelea mpanda mlima. Ncha za dunia, ya kaskazini na ya kusini, nazo huitwa hivyo. Wa pili ni “poll”, kura, pamoja na ile kura ya maoni inayopigwa magazetini kabla ya uchaguzi. Wa tatu ni “Pole” mwenye herufi kubwa, mtu wa Poland. Tatizo ni kwamba herufi kubwa haisikiki. Wewe ungeokolewa na mpangilio wa sentensi: mtu aliyesema “I am a” kisha akaweka neno hilo hawezi kuwa nguzo, na hawezi kuwa kura. Amekutajia taifa lake.

Na makaburi yapo, hapo hapo kwenu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wengi walihamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti wakapelekwa mbali, Siberia na kwingineko. Walipoachiliwa, baadhi yao walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga shule na kanisa, wakalima. Waliofia huku wamelala kwenye makaburi yale ambayo wewe huenda unayapita kila siku na abiria mgongoni.

Sasa nikupe utamu wa mwisho. Katika Kipolandi lipo neno “pole”, linaandikwa kama letu na kutamkwa karibu kabisa na letu, silabi mbili. Maana yake ni shamba, uwanda wa kulima, na jina la nchi yao huelezwa kuwa limetokana na neno hilo: watu wa mashambani. Kwa hiyo yule mzee, kama anakijua Kipolandi, alisikia bodaboda akimpa shamba. Tena mara mbili. Tena Tengeru, ambako bei ya kiwanja unaijua mwenyewe. Ningekuwa yeye ningecheka pia.

*

“Mwalimu vipi. Nauza shuka za Kimasai na shanga pale karibu na Mnara wa Saa. Kuna Mmarekani aliuliza bei ya shuka, nikamjibu ‘fifteen buku’. Akahesabu dola kumi na tano, akanipa, akaenda zake na furaha. Wenzangu wananiita tapeli. Nimeiba? Na hiyo ‘bucks’ yao kwenye kamusi ya simu inasema ni swala. Sielewi swala anaingiaje.”
Chalii wa Ngarenaro, Arusha

Salamu ya “vipi” kwa mtu wa umri wangu nitaipokea kwa sababu najua Arusha mlivyo.

Hukuiba, ila usijipige kifua. Wewe ulisema buku, yaani elfu. Yeye akasikia “bucks”, yaani dola. Ulitaka shilingi 15,000. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, umepewa 37,500. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Neno la mtaani la Arusha na neno la mtaani la Marekani yalikutana penye Mnara wa Saa, yakasalimiana kama ndugu, ninyi wawili mkayaamini. Akirudi, mpe shuka la pili bure. Bado utabaki na buku saba na jero.

Kamusi yako ya simu nayo haikukosea. “Buck” ni dume, dume la kulungu na la sungura, na waongoza wageni wanalitaja kila siku mbugani bila kulitazama usoni: “waterbuck” ni kuro, “bushbuck” ni pongo, “reedbuck” ni tohe. Amerika ya Kaskazini, karne ya 18, ngozi za kulungu zilikuwa ndiyo fedha kati ya wenyeji na wafanyabiashara wa Kizungu. Bunduki ngozi kadhaa, blanketi ngozi kadhaa. Mfasiri na msuluhishi mmoja wa Pennsylvania, Conrad Weiser, aliandika katika shajara yake mwaka 1748 habari za mtu aliyeibiwa mali yenye thamani ya “bucks” 300. Dola ya Marekani yenyewe ilikuja kuwekewa sheria ya sarafu mwaka 1792. Kwa maneno mengine, jina la mtaani lilizaliwa kabla ya fedha yenyewe. Ndiyo maana nikisikia mwalimu mwenzangu anasema misimu ni uchafu wa lugha, huwa namwomba aniambie kamusi zilianza kuandikwa na nani, na hao walikuwa wanamsikiliza nani.

Jike la huyo kulungu ni “doe”. Linatamkwa dou, na pacha wake wa sikioni ni “dough”, unga uliokandwa tayari kwa chapati. Usiziogope zile herufi za mwisho, hazisemi kitu, zimekaa kama wageni wasiochangia harusi. “Dough” mtaani kwao ni fedha. Na hapa ndipo ninapofurahi, kwa sababu sisi tuna donge. Donge ni hilo hilo la unga, na magazeti yetu ya michezo kila wiki yanaandika kwamba mchezaji fulani ameahidiwa donge nono. Hatukuwaiga, hawakutuiga. Njaa ni moja tu, basi. Nyie wa Arusha mna hadi mtaa wa Unga Limited, uliochukua jina la kiwanda cha unga, kwa hiyo msiniambie hamkujua kuwa unga ni mali.

Wana pia “bread”, mkate, kwa maana ya fedha. Sisi mkate si chakula cha kupigania, kwa hiyo tukasema mpunga. Mtu unaambiwa ana mpunga, na hana hata tuta la mchicha.

Kuhusu sauti: “buck” ni bak ya haraka, kama umekatizwa ukitaka kusema “baki”. “Back”, mgongo, inaegemea upande wa e, ndiyo maana mlinzi wa mpira tulimfanya beki. “Book” ni buk. Na ukitaja bei kwa mgeni, taja “thousand shillings” na uandike kwenye simu umwonyeshe. Buku waachie wenzako wa kijiweni.

*

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa Shanty Town. Kila nikiwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba nimekuja kubadilisha ‘sheets’, yaani shuka, wanatazamana. Mmoja alikohoa mpaka akatoka nje. Msimamizi kanikataza kulisema neno hilo lakini hanielezi kwa nini. Ni tusi?”
Mhudumu, Moshi

Marahaba mama. Si tusi. Pacha wake ndiye mwenye mdomo mchafu. Hilo la pili ni neno la chooni, nami sitaliandika hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa mezani.

“Sheet”, shuka, ina i ndefu. La chooni lina i fupi. Kiswahili kina irabu tano, basi, kila moja na sauti yake, hazina siri. Kiingereza cha Uingereza kile cha redioni kina kama ishirini, ukijumlisha na zile za kuunganika. Sasa watu ishirini wakiingia kwenye vyumba vitano, lazima wengine walale mzungu wa nne. Ndiyo maana “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” kwetu zote zinatoka hat. Mgumu wangu mmoja aliwahi kuripoti kwa kiongozi wake kwamba mgeni ameusahau moyo wake kambi ya Horombo. Ilikuwa kofia.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na pale inapokaziwa inavutika kidogo. Tukilichukua neno lao fupi tunalibandika irabu nyuma, likawa shiti, chipi, fuli. Hapo ile silabi ya kwanza inavutika. Si ndefu ya kutosha kuwa ndefu, si fupi ya kutosha kuwa fupi. Iko katikati, na mgeni husikia lile analoliogopa.

Fanya hivi mbele ya kioo. Sema “hii”, ile ya kuonyesha kitu. Ivute, midomo iende pembeni kama unatabasamu. Hiyo ndiyo i ya shuka, ya “sheep” ya kondoo, ya “cheap” ya bei rahisi. Kisha acha kutabasamu, legeza taya, sema i kama umechoka, iegemee e kidogo, na uikate ghafla. Hiyo ndiyo ya “ship” na “chip”. Sentensi yangu ya mazoezi ni “cheap chips”, chipsi za bei rahisi: neno la kwanza unatabasamu, la pili unanuna. Darasa zima likiisema kwa pamoja utadhani tunajaribu meno ya bandia. Na kwa kuwa uko hotelini, kumbuka Mwingereza akiagiza “chips” anataka hizi zetu za moto. Mmarekani anategemea zile kavu za kwenye pakiti.

Mpaka midomo izoee, sema “bed linen”. Halina pacha. Msimamizi wako angekupa hilo badala ya kukununia.

Usione haya. Mimi iliwahi kunikuta kubwa kuliko yako. Nilikuwa mwalimu kijana, shuleni kwetu kuna mama wa Leeds aliyekuja kujitolea. Akanialika kwake “for tea”, saa kumi na mbili jioni. Nami nilijua “tea” ni chai, kamusi inasema, mtihani unasema, na mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha watoto hivyo. Chai ya jioni ya mtu mmoja anayeishi peke yake haiwezi kuwa na kitafunwa cha maana, nikaona nijihami: nikala kiburu nyumbani, sahani imejaa, na parachichi juu. Nimefika nakuta meza imetandikwa. Nyama ya kuoka, viazi, karoti, mchuzi mzito, na mkate wa kuumuliwa. Kumbe kaskazini mwa Uingereza watu wengi wakisema “tea” wanamaanisha chakula cha jioni chenyewe. Majani ya chai yanaweza yasionekane kabisa.

Nilikula nusu, kwa adabu. Akataka kuniongeza. Nikaweka mkono juu ya sahani nikamwambia nimeshiba, “I am full.” Ila nilivyoitamka mimi, kwa ile u yetu ya kuvuta, ilitoka “fool”. Mjinga. “No thank you, I am a fool,” ndivyo alivyosikia. Mama wa watu aliweka kijiko chini, akaja upande wangu, akanishika bega akaniambia, “No, love, you’re not.” Akaniongeza viazi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza mambo mawili: kwa nini kaniambia mimi si mjinga, na kwa nini kaniita mpenzi. La pili nalo ni la Leeds. “Love” kwao, midomoni mwa muuza duka au dereva wa basi, halina mapenzi ndani yake, ni sawa na yule muuza nyanya anayekuita “mpenzi” ili usiende meza ya jirani. “Full” ni u fupi, midomo haichongoki. “Fool” unachonga midomo kama unapuliza uji. Nilijifunza kwa viazi.

*

“Mwalimu, kijana wangu yuko kidato cha pili. Jumapili nilipika machalari, akaonja akasema ‘sick’. Nikamtafutia dawa. Akacheka akasema ‘no cap, mama’, na hajavaa kofia. Dada yake anasema anataka ‘tea’ na hanywi chai. Wanaumwa au wananidharau? Na ‘dope’ je, maana yake nini?”
Mama wa Sakina, Arusha

Mdogo wangu, umesifiwa na hukujua. “Sick” kwa vijana ni kitu kizuri mno. Najua inakera, lakini kabla hujamgombeza jisikilize mwenyewe unapotazama mpira au kwaya. Husemi yule mwimbaji ni hatari? Huyu mshambuliaji ni balaa? Wimbo mkali, harusi ya noma? Hatari, balaa, ukali, noma, yote ni mabaya kwenye kamusi, na yote ni sifa midomoni mwetu. Kijana wako kakuambia machalari yako ni balaa. Rudia tena Jumapili.

“Cap” kwenye kamusi ni kofia au kifuniko cha chupa; kwa vijana, na imetoka kwa Wamarekani Weusi kabla ya kusambaa duniani kwa simu, ni uongo. “No cap” ni haki ya Mungu. Na “tea” ni umbea wa moto, habari za ndani. Hapa linganisha na sisi: kijana wa Kitanzania akikuambia “hiyo chai” anamaanisha umetunga. Kwa hiyo binti wa Kimarekani akiomba chai anataka ukweli wa mambo, na binti wa Sakina akikuambia unakunywesha watu chai anakuita mwongo. Na ofisini, chai ni kitu cha tatu ambacho wote tunakijua na hakiandikiwi risiti.

Pacha wa “sick” ni “seek”, kutafuta, ile i ya kutabasamu. Ila hapa niwageukie wanaofanya kazi mlimani. Mwingereza akisema “I’ve been sick” mara nyingi hamaanishi kwamba alikuwa anaumwa wiki iliyopita, anamaanisha ametapika. Na akisema “I’m going to be sick”, usianze kumuuliza lini. Sogea pembeni, mpe nafasi, kisha mwambie kiongozi wako mara moja, maana kichefuchefu kwenye mwinuko ule si jambo la kupuuza.

Kuhusu “dope” aliyoiuliza kijana wako mwishoni mwa meseji (nimeona ni mkono wake, si wako): ilianza kama neno la Kiholanzi la mchuzi wa kuchovya. Ikawa uji uji wowote mzito, ikawa kasumba iliyopikwa, ikawa dawa za kulevya kwa jumla, ikawa pia mtu bwege, na leo ni kitu kizuri. Safari ndefu kwa mchuzi. Akiitumia shuleni, mwalimu wake anaweza kuishia kwenye kituo cha katikati.

*

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgumu, napandia Marangu. Kiongozi wetu anasema ‘tip’, ile bakshishi, ni kifupisho, herufi tatu za maneno matatu, maana yake mgeni anahakikisha anahudumiwa haraka. Wengine wanabisha. Tumewekeana soda.”
Mgumu, Marangu

Kiongozi wako anadaiwa soda. Hadithi hiyo ni tamu, na wageni wenyewe wanaisimulia, lakini haina mizizi. Neno “tip” kwa maana ya kupa, kupitisha kitu mkononi, lilikuwa kwenye lugha ya siri ya matapeli na wezi wa Uingereza tangu karne ya 17, wakati mtindo wa kutunga maneno kwa herufi za mwanzo ulikuwa haujashika. Yaani bakshishi ilianzia kijiweni, ikapanda mlima polepole, leo imekaa mezani na mikataba.

Maana zake nyingine zimekuzunguka bila wewe kujua. Ncha ya kidole, ncha ya fimbo: “tip”. Ushauri mfupi: “tip”. Kuinamisha kitu kimwagike: “tip”, ndiyo maana lile lori la mchanga tunaliita tipa. Na kwa Waingereza, mahali linapomwaga tipa la taka, jalala, nalo ni “tip”. Nina mwanafunzi aliyemsikia mama wa Kiingereza akimwambia binti yake chumbani “this room is a tip”. Akasubiri mlangoni dakika nzima kwa tabasamu. Kumbe alichosikia ni kwamba chumba ni jalala.

Isitamkwe tiip. Ni ile i ya kununa, hata kama jambo lenyewe si la kununa.

*

“Mwalimu, nina banda la chakula Kiboriloni. Walikuja wageni wawili na kijana wao, nikajikaza nikawaambia kwa Kiingereza nina wali na maharage. Wakasema asante wakaondoka. Yule kijana akanong’ona eti nimesema nina chawa. Chawa wametoka wapi kwenye banda langu?”
Mama Ntilie, Moshi

Pole dada, na hii ni pole ya Kiswahili.

Wametoka kwenye ulimi. “Rice” ni wali. “Lice” ni chawa, wengi, mmoja wao ni “louse”. Ni ile ile shida ya kura na kula ambayo kila uchaguzi inatuchekesha. Kwenye l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. Kwenye r ya Kiingereza ulimi haugusi popote, unajikunja ndani ukiwa hewani, midomo imekusanyika kidogo. Weka kidole kidogo kati ya meno, sema “rice”. Ulimi ukikigusa kidole, umewaita chawa.

Ingawa, kwa Kiswahili cha siku hizi, hukuwa mbali sana na ukweli. Mpunga ni fedha, chawa ni yule anayemsifia tajiri tangu asubuhi mpaka tajiri mwenyewe aone aibu. Wapi uliona mpunga mwingi ukakosa chawa?

Wiki ijayo nashuka Kiboriloni kumtafutia mjukuu viatu. Nitaingia bandani kwako, nitaagiza kwa Kiingereza, nawe utanijibu kwa Kiingereza nilichotaka. Ukikosea, nitakula maharage matupu.